Ratiba ya Picha za Harusi Nairobi: Anzia Jioni, Rudi Asubuhi

Malalamiko ni yale yale kila msimu. Picha za maharusi wawili zilipigwa giza likishaanza kuingia. Nyanya mzaa mama hayumo kwenye picha hata moja ya familia. Wageni walikaa bustanini kuanzia saa saba hadi saa kumi wakitafuna njugu, huku maharusi wako kwenye bustani ya miti ya Arboretum wanapigwa picha chini ya jua la utosi. Na mara nyingi mpiga picha hakuwa mbaya, wala hakulipwa kidogo.

Kilichokosekana ni ratiba ya picha. Programu iliyochapishwa kwenye kadi si ratiba ya picha. Humwambia mgeni ibada inaanza saa ngapi na chakula ni saa ngapi, basi. Haisemi mpiga picha anapanda gari la nani, nani atamwita baba mdogo kutoka maegeshoni, wala jua litakuwa upande gani watu wakitoka kanisani. Hizo ni karatasi mbili tofauti, na hii ya pili ndiyo tunayoiandika hapa.

Mfano ninaoufuata ni harusi ya kanisani inayoishia bustanini, kwa kuwa ndiyo inayowatatiza wengi hapa mjini. Nikahi na ndoa za Sheria House, yaani za kiserikali mbele ya msajili, zina sehemu yake karibu na mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

Usiandike saa yoyote kabla hujakusanya haya:

- Saa kamili ya ibada, na nambari ya mtu wa ofisi ya kanisa anayeweza kujibu maswali kuhusu kamera.
- Saa ambayo bustani inawataka muwe mmeondoka. Kuna bustani zinazotaka uwanja uwe wazi saa kumi na mbili jioni, na hilo hubadilisha kila kitu.
- Mkataba wa mpiga picha. Tafuta mstari unaotaja saa za kazi na idadi ya watu watakaokuja. Mkataba wa saa nane hauwezi kubeba siku ya saa kumi na moja.
- Orodha ya familia kwa majina. "Shangazi" haitoshi, shangazi yupi?
- Waitaji wawili, mmoja kila upande, wanaozijua sura za watu wao na wasioona haya kupaza sauti.
- Mratibu mmoja wa siku, asiye bibi harusi, bwana harusi wala mama wa yeyote kati yao.
- Pesa za ada za kuingia na za kamera, ziwe kwenye M-Pesa ya mratibu.
- Mfuko mdogo wa dharura: pini, sindano na uzi, sindano ya krosheti, tishu, maji, kitu cha kutafuna kisichochafua nguo, na miavuli miwili mikubwa myeupe.

Sindano ya krosheti nitaieleza tukifika kwenye kuvaa.

## Hatua ya 1: Tafuta saa ya machweo ya tarehe yenu

Nairobi iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo machweo hayatofautiani sana mwaka mzima. Jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo jioni. Mwanzoni mwa Novemba ndipo linapowahi zaidi. Februari ndipo linapochelewa zaidi. Programu ya hali ya hewa kwenye simu itakupa dakika kamili.

Jambo wanalolisahau watu ni jinsi giza linavyoingia upesi. Huku kwetu jua hushuka karibu wima, halikawii kwenye upeo wa macho. Likishazama una dakika 20 hivi za mwanga unaofaa, kisha umebaki na taa. Anayekuambia "tutapiga saa moja, bado kutakuwa na mwanga" anakudanganya au hajui.

Mwanga mzuri wa picha za wawili ni ule wa saa nzima kabla ya machweo. Lakini nenda ukauone uwanja wenyewe saa hiyo. Bustani za Karen na za kandokando ya msitu wa Karura zina miti mirefu, na ukiwa bondeni jua hupotea nyuma ya miti mapema kuliko simu inavyosema. Andika saa uliyoiona kwa macho yako. Hiyo ndiyo saa yenu ya mwisho.

Hatua hii imekamilika ukiwa na saa moja tu kwenye karatasi, imezungushiwa duara, kwa mfano 18:00, na mnajua mtasimama wapi saa hiyo.

## Hatua ya 2: Panga kwa kurudi nyuma

Wengi huanza na saa ya kuamka, wakajaza kwenda mbele, na jioni ikabaki na makombo. Fanya kinyume. Anza na ile saa iliyozungushiwa duara, utoe dakika 40 za picha za maharusi, utoe keki, zawadi, hotuba, chakula, safari, picha za familia, ibada, safari ya kwanza, kuvaa, vipodozi. Unapofika mwanzo, hesabu itakuambia mtu wa vipodozi aanze saa ngapi. Ikikuambia saa tisa usiku, basi siku yenu ina mambo mengi kupita kiasi, na ni heri uligundue sasa.

Kwa kila kitu, andika muda mnaoutarajia, kisha ongeza robo saa baada ya kila safari na baada ya kila tukio linalohusisha watu zaidi ya 20. Usiitawanye hiyo robo saa ndani ya shughuli. Iandike waziwazi kama mstari wake, "nafasi". Ikifichwa huliwa bila mtu kujua.

Andika saa kwa tarakimu kama simu inavyoonyesha, 10:00 na 17:20. Ukiandika "saa nne" kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wa kila aina, kuna atakayefika alasiri.

## Hatua ya 3: Pima barabara, usiikisie

Muda hauliwi na kamera. Unaliwa na barabara.

Jumamosi moja kabla ya harusi, mtu aendeshe gari kutoka nyumbani kwa bibi harusi hadi kanisani kwa saa ile ile, kisha kutoka kanisani hadi bustanini kwa saa ile ile. Ramani ya simu saa tano usiku haikusaidii. Msafara wa magari sita pia hautembei kama gari moja. Taa za barabarani huukata vipande viwili, na nusu yake hufika imechelewa. Ongeza theluthi moja ya muda uliopima.

Mkipitia Nairobi Expressway kati ya Mlolongo na Westlands, hakikisheni kila dereva ana pesa za ushuru, na mkumbuke kwamba bodaboda haziruhusiwi kule juu. Mpiga picha anayefuata msafara kwa pikipiki atawapoteza pale pale kwenye mchepuko. Mpeni kiti. Kwa hakika mpeni kiti katika gari la mbele kabisa, kwa sababu anatakiwa ashuke kabla yenu ili awapige mkishuka. Mpiga picha aliyekaa gari la sita hupata migongo ya watu.

Nyumba mkiwa mbali na kanisa, fikirieni kuvalia hotelini karibu na kanisa. Mtalipa chumba, mtakosa zile nyimbo za getini nyumbani, na mtaokoa saa nzima. Kila familia ina mizani yake hapo. Mimi huzichagua nyimbo.

## Hatua ya 4: Asubuhi ya kuvaa

Vipodozi na nywele za bibi harusi huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Mpambe mmoja huchukua nusu saa hadi dakika 45. Wapambe watano kwa mtu mmoja wa vipodozi hufika karibu saa nne. Kwa hiyo tafuta watu wawili, au punguza wapambe.

Bibi harusi asiwe wa mwisho kwenye kiti. Awe wa pili kutoka mwisho. Akiwa wa mwisho, kila aliyechelewa kabla yake anamchelewesha yeye, na kuvaa kunafanyika mbio mbio huku watu wakipiga honi nje.

Mpiga picha afike dakika 30 kabla ya kuvaa. Anapofika akute gauni, viatu, pete, manukato, shada na kadi ya mwaliko vimewekwa pamoja karibu na dirisha. Kutafuta pete kwenye mikoba ya watu watatu hula robo saa nzima. Chumba kiwe kimeondolewa masanduku na mifuko ya plastiki, na taa ya dari izimwe ikiwa dirisha linatosha. Taa ya manjano juu na mwanga wa dirisha pembeni huufanya uso uwe na rangi mbili.

Kisha gauni. Gauni la kufunga kwa zipu ni dakika tano. Gauni lenye vifungo vidogo vya duara mgongoni, vile vinavyoingia kwenye vitanzi vya uzi, ni habari nyingine. Vidole vya mpambe vina kucha ndefu zilizopakwa rangi jana, mikono inatetemeka kidogo, kifungo kinateleza, na bado viko 30. Hapo ndipo sindano ya krosheti inapofanya kazi: unaipenyeza kwenye kitanzi, unakikamata kifungo shingoni, unakivuta kipite. Dakika saba vyote vimefungwa. Mwachieni mama avifunge vitatu vya mwisho juu, na mpiga picha ajulishwe mapema, maana picha hiyo haiwezi kurudiwa kwa kuigiza.

Kwa bwana harusi mpiga picha wa pili anatosha, na nusu saa inatosha. Wanaume huvaa haraka. Wanachokosa ni mtu anayejua kutundika ua kwenye koti.

Getini pia kuna kazi. Watu wa bwana harusi watafika, geti litafungwa, kina mama watatandaza leso na kuimba, na kutakuwa na mvutano wa noti kabla ya mtu kuingia. Programu nyingi haziandiki hilo hata kidogo, kisha linakula dakika 40. Liandikwe: dakika 30, na mama mmoja anayeheshimiwa upande wa bibi harusi aambiwe saa ya kufungua geti. Yeye pekee ndiye atakayesikilizwa.

Asubuhi imekwenda vizuri ikiwa bibi harusi ameketi garini robo saa kabla ya msafara kuondoka na hakuna anayetafuta kitu.

## Hatua ya 5: Zungumza na padre au mchungaji mapema

Hili ni fupi lakini msiliruke. Kila kanisa lina sheria zake: mengine hukataza flashi wakati wa sala, mengine hayataki mpiga picha apande madhabahuni, mengine humtaka akae sehemu moja. Mpelekeni mpiga picha mwenyewe, au apige simu, wiki mbili kabla.

Ulizeni mambo matatu: anaruhusiwa kusimama wapi wakati wa pete, cheti kitatiwa sahihi wapi, na ibada nyingine inaanza saa ngapi baada yenu. Swali la tatu ndilo linaloamua kama mtapata nafasi ya picha za familia pale kanisani au mtafukuzwa na harusi inayofuata.

Ombeni pia tangazo fupi la simu. Bila tangazo, bibi harusi akiingia, njia ya katikati hujaa mikono yenye simu na mpiga picha mliyemlipa anapiga viwiko.

## Hatua ya 6: Picha za familia

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Hesabu makundi. Kundi moja lililopangwa vizuri huchukua dakika 3. Makundi 12 ni dakika 36. Makundi 25 ni saa moja na robo, na makundi 25 huja bila kuitwa: kwaya, kamati, chama cha mama, wenzako wa kazi, waliosoma nawe, majirani wa zamani wa mtaa wa Umoja. Amueni sasa kwamba kanisani zitapigwa picha za familia tu, zisizozidi 12. Haya makundi mengine yote yatakuja mbele bustanini wakati wa zawadi, yakicheza na kuimba, na mpiga picha atawapiga hapo hapo pamoja nanyi kabla hawajarudi kukaa. Wamepata picha yao, na hamkupoteza hata dakika.

Pangeni wazee wa kwanza. Nyanya na babu hawawezi kusimama juani nusu saa. Waanze wao, wapewe viti, kisha waachiliwe wakakae garini au kivulini.

Punguza watu, usiongeze. Anza na kundi kubwa la upande mmoja, kisha ondoa tabaka moja moja: ukoo wote, halafu wajomba na shangazi watoke, wabaki wazazi na ndugu, halafu ndugu watoke. Kuwaondoa watu ni sekunde 10. Kuwakusanya ni dakika tano, kwani mmoja amekwenda kuchukua koti garini, mwingine anapokea simu nyuma ya choo.

Orodha yenu ionekane hivi:

1. Maharusi, wazazi wa pande zote mbili, na mababu na manyanya
2. Maharusi na nyanya na babu, upande wa bibi harusi, kisha upande wa bwana harusi
3. Ukoo wote wa bibi harusi
4. Wazazi na ndugu wa bibi harusi
5. Wazazi wa bibi harusi peke yao
6. Ukoo wote wa bwana harusi, na kupunguza kama awali
7. Wasimamizi, wapambe na watoto wa maua
8. Padre au mchungaji

Kila mstari uwe na majina. Mwitaji asimame karibu na mpiga picha, akiita kundi la sasa na kulitahadharisha linalofuata: "Mzee, njoo hapa mbele tafadhali, wewe na mama. Wajomba, nyinyi mnafuata, msiende mbali." Mpiga picha hawezi kuita, hamjui mjomba wa mtu.

Familia zenye mambo yake, wazazi walioachana au mama wa kambo, ziandikiwe kimya kimya pembeni ya orodha ya mwitaji. Hakuna atakayependa kusikia mpiga picha akiuliza kwa sauti, "Na mke wa baba yuko wapi?"

Chagueni kivuli siku za kabla. Hapa Nairobi jua hufika juu kabisa karibu saa sita unusu mchana, ndiyo saa mnayotoka kanisani. Mwanga wa juu hutia vivuli vyeusi machoni, na watu hukunja uso. Kivuli cha ukuta hutegemea mwezi: Juni jua liko kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini wenye kimo cha mita 10 huwapa kivuli cha zaidi ya mita 4 kwa saa hiyo. Desemba ni upande wa kaskazini. Machi na Septemba hakuna ukuta utakaowasaidia. Tafuteni baraza yenye paa. Epukeni mti wenye majani machache, maana vipande vya jua vitamkalia mtu kwenye shavu na kwenye paji kama madoa ya rangi, na hakuna kompyuta inayoyafuta vizuri kwenye nyuso 30.

Mmefaulu hapa ikiwa mwitaji ameweka alama kwenye mistari yote na maharusi wako garini kabla ya saa saba na robo.

## Hatua ya 7: Picha za wawili, wapi na lini

Tabia ya mjini ni kutoka kanisani kwenda mahali pa tatu kwa picha, kisha bustanini. Naipinga. Mnaongeza safari moja katikati ya siku, mnapigwa jua baya kuliko yote, na wageni wanashinda njaa. Kama bustani yenu ina mti mzuri, kidimbwi, ukuta wa mawe au njia yenye nyasi, pigeni hapo hapo jioni.

Mkiwa mmeazimia kwenda Arboretum, Karura au kwingineko, haya mawili. Ada ya kuingia mara nyingi si ruhusa ya picha za harusi. Ulizeni ofisini kwao kuna ada gani ya kamera na mlipe kabla ya siku hiyo, kuliko kubishana na mlinzi langoni gauni likiwa limeshikwa mkononi. Na msifikishe zaidi ya watu wanane: maharusi, wasimamizi, wapiga picha, mratibu. Wapambe wote wakija, dakika 30 huwa saa nzima.

Droni si ya kurusha kwa kuwa mtu anayo. Lazima mrushaji awe na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Arboretum iko jirani na Ikulu, na sehemu kubwa ya Lang'ata iko karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Mwambieni aonyeshe idhini kwa anwani yenu hasa. Akisema "hiyo si shida," tafuteni mwingine.

Jioni yenyewe, mshereheshaji awape wageni muziki au chai, nanyi mtoke kimya dakika 40 kabla ya saa ya duara. Mkiwatangazia wageni kwamba mnakwenda kupiga picha, nusu yao watawafuata na simu.

## Hatua ya 8: Bustanini

Mwambieni mshereheshaji kwa maandishi: hakuna kukata keki, kucheza densi ya kwanza wala kutoa hotuba ya wazazi mpaka ahakikishe mpiga picha yuko mahali pake. Ishara ya kidole gumba inatosha.

Mpiga picha ale wakati mmoja na maharusi. Hakuna anayetaka picha ya mtu mwenye mdomo uliojaa pilau, kwa hiyo huo ndio muda wake. Akila mwisho atakuwa jikoni wakati wa hotuba.

Tenti iwe nyeupe. Chini ya tenti ya buluu au ya zambarau nyuso zote huchukua rangi hiyo.

## Mfano wa ratiba nzima

Bibi harusi anavalia nyumbani Kasarani, ibada ni Upper Hill, sherehe ni Karen. Badilisheni saa, msibadilishe mpangilio.

- 05:00 Vipodozi vinaanza, watu wawili, wapambe kwanza
- 07:15 Mpiga picha wa kwanza afika kwa bibi harusi, wa pili kwa bwana harusi
- 07:45 Kuvaa gauni
- 08:05 Picha za bibi harusi na wazazi na wapambe
- 08:25 Getini, nyimbo na leso
- 08:55 Msafara unaondoka
- 09:45 Nafasi
- 10:00 Ibada
- 12:00 Sahihi, kutoka kanisani
- 12:15 Picha za familia, makundi 12
- 12:55 Nafasi
- 13:10 Safari ya Karen
- 14:10 Maharusi wanaingia, chakula; mpiga picha anakula
- 15:15 Hotuba
- 15:50 Zawadi, pamoja na picha za vikundi
- 16:50 Keki
- 17:15 Maharusi wanatoka kimya kwa picha za wawili
- 17:55 Kurudi, densi
- 18:30 Mpiga picha anamaliza

Hizo ni zaidi ya saa 11 za kazi. Linganisheni na mkataba sasa, kabla ya bei ya saa za ziada kutajwa jioni mkiwa mmevaa gauni na suti.

## Hatua ya 9: Mpango wa mvua

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba. Kama tarehe yenu iko humo, kila mstari wa nje uwe na mahali pa ndani palipoandikwa kando yake: baraza ya kanisa, veranda, ukumbi wenye madirisha makubwa. "Tutaona" si mahali.

Miavuli iwe myeupe kwa sababu ile ile ya tenti. Na msiiogope Julai: lile wingu zito la baridi ni mwanga mwororo, mnaweza kupiga picha saa saba mchana bila mtu kukunja uso.

## Nikahi na ndoa za Sheria House

Kwa nikahi, mara nyingi kuna shughuli mbili zinazokwenda sambamba: wanaume msikitini, wanawake ukumbini. Ratiba iwe ya safu mbili. Upande wa kina mama tafuteni mpiga picha mwanamke na msaidizi mwanamke, na muafikiane naye kwa maandishi kuhusu nani ataziona picha zile na kama zitawekwa mtandaoni. Simu zikikusanywa mlangoni, picha zake ndizo pekee zitakazokuwepo, kwa hiyo orodha ya familia ni muhimu maradufu. Msikitini ombeni idhini ya imamu kwanza. Bwana harusi anapopelekwa kwa bibi harusi kumpa mkono baada ya nikahi ndipo safu mbili zinapokutana. Waandikieni wapiga picha wote dakika hiyo.

Sheria House ndoa hufungwa siku za kazi, chumba si kikubwa, na tukio lenyewe ni fupi. Mpiga picha mmoja anatosha. Mnachopanga hasa ni baada ya hapo: mahali pa dakika 30 pasipo na walinzi wa kuwakemea, maana majengo ya serikali pale Harambee Avenue hayapigwi picha ovyo.

## Hatua ya 10: Kusambaza

Siku tatu kabla, karatasi moja, kurasa mbili zisizidi. Nakala kwa mpiga picha, mpiga video, mshereheshaji, madereva, waitaji, mtu wa vipodozi na mwenye bustani. Msitegemee WhatsApp pekee. Chapisheni, kwa kuwa betri huisha na ujumbe wa ratiba huzama chini ya pongezi 200.

Pigeni simu kwa kila mmoja na kumuuliza swali moja: "Wewe saa nne na nusu utakuwa wapi?" Anayejibu bila kufungua simu ameisoma.

## Mkichelewa, mnakata nini

Mtachelewa kidogo, hilo lipangiwe. Utaratibu wa kukata ni huu. Kwanza picha za viatu na manukato. Pete zinaweza kupigwa juu ya meza bustanini. Pili safari ya mahali pa tatu, kama mlikuwa nayo. Tatu picha za koo nzima kanisani, zihamishiwe bustanini baada ya chakula. Nne, hotuba zipunguzwe na mshereheshaji.

Picha ya wazee haikatwi. Dakika 20 za mwisho kabla ya saa ya duara hazikatwi hata keki ikisubiri. Keki hukatwa vizuri tu chini ya taa. Anayeamua ni mratibu peke yake, na jina lake na nambari yake viandikwe juu kabisa ya karatasi, kabla ya saa ya kwanza.